Mtoto akilia, akinuna, akinyamaza: jinsi ya kumsoma na kumfundisha kusema anachohisi

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa chekechea anayekaa na mtoto wa mwaka mmoja hadi kama miaka kumi. Msingi wake ni huu: maneno ya hisia hufundishwa mtoto akiwa ametulia. Akishachafukwa, somo limekwisha. Hapo hutumika yale aliyokwisha kuyajua. Wengi wetu hufanya kinyume. Siku ikienda vizuri hakuna anayezungumzia hisia, kisha mtoto akianza kurusha mateke anamiminiwa maswali: una nini, nani kakufanya nini, kwa nini unafanya hivi, mbona mwenzako halii? Hana jibu hata la moja.

Umri wake unaruhusu nini

Kabla ya kumdai mtoto ajieleze, pima unachomdai. Kichanga huanza kutabasamu kwa kumjibu mtu akiwa na wiki 6 hadi 8. Karibu na miezi 8 huanza kuogopa wageni, hata bibi aliyekuwa akimbeba mwezi uliopita bila tabu. Maana yake amejua kumtofautisha mlezi wake na watu wengine. Kumsukumiza mikononi mwa mgeni huku analia hakumfundishi ujasiri. Mwache amtazame mgeni akiwa mapajani mwako, atasogea mwenyewe. Aibu na fahari huchelewa, huja kati ya miezi 18 na 24, kwa sababu zinahitaji mtoto awe ameshatambua kwamba yeye ni mtu anayetazamwa na wengine.

Kuelewa hisia za mwenzake nako kuna ratiba. Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik walichapisha jaribio walilofanya Marekani. Mtu mzima alikaa mbele ya mtoto na mabakuli mawili, moja la biskuti, jingine la brokoli mbichi. Alionja biskuti akakunja uso, akaonja brokoli akafurahia, kisha akanyoosha mkono kuomba. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, kwa kuwa ndizo wanazozipenda wao. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Miezi minne imepita tu, na mtoto ameshajua kwamba mwingine anaweza kukipenda kitu ambacho yeye hakitaki. Kujua kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo lisilo kweli huja baadaye, karibu na miaka 4. Na hisia mbili kwa mpigo, kwa mfano kufurahia kuhama huku ukihuzunika kumwacha rafiki, wengi hawawezi kuzieleza vizuri kabla ya miaka 7 au 8, wengine hata 10.

Kujitupa chini na kugaagaa hushamiri kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu amepita miaka ishirini. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa miaka 2 "jizuie" bila kumshika mkono ni kumdai kitu ambacho bado hana.

Hatua ya 1: Jaza msamiati siku za utulivu

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo panaporukwa.

Anza na maneno manne: furaha, huzuni, hasira, woga. Mtoto wa miaka 2 hadi 3 yanamtosha. Akifika miaka 4 au 5 ongeza aibu, wivu, upweke, mshangao na fahari. Kuanzia miaka 6 ingiza wasiwasi, kero, majuto, kinyongo, kusononeka, kukata tamaa. Neno moja kwa wiki linatosha, mradi lisikike mara nyingi ndani ya wiki hiyo. Hasira peke yake ina ngazi: kukereka, kuudhika, kukasirika, kughadhibika. Mtoto wa miaka 8 anayejua kusema "nimekereka" anaweza kuomba msaada mapema. Mwenye neno "hasira" tu hulitumia akiwa tayari amefura.

Neno usilifasiri, likalishe juu ya jambo linaloonekana. "Umeruka, umepiga makofi. Una furaha!" Halafu sema na hisia zako mwenyewe kwa mpangilio wa sehemu tatu: ninachohisi, sababu yake, ninachofanya. "Nimeudhika. Funguo sizioni. Natulia kwanza, halafu nitazitafuta." Sehemu ya tatu ndiyo inayomfunza kwamba hisia ina pa kwenda. Ila chagua mambo madogo. Mtoto si wa kutwishwa madeni ya nyumba wala ugomvi wa wakubwa, na sentensi kama "umenifanya nilie" humfanya ajione ndiye mwenye kuubeba moyo wa mzazi.

Kwenye hadithi, simama mara moja au mbili tu. Uliza, "Huyu anahisi nini?" Akijibu, uliza, "Umejuaje?" Swali la pili lina thamani kuliko la kwanza, kwa sababu linamlazimu atafute ushahidi: kaangalia chini, kakimbia, kaachwa peke yake. Ukisimama kila ukurasa hadithi inakufa na mtoto anaanza kujibu ilimradi tu.

Zoezi jingine ni mchoro wa mwili. Tandika karatasi kubwa sakafuni, au gundisha kadhaa pamoja. Mtoto alale chali, umzungushie kalamu kuanzia kichwa hadi miguu, kisha umpe rangi nne. Siku ya kwanza chukueni hisia moja tu: "Ukiwa na hasira, inakaa wapi mwilini?" Apake. Siku nyingine woga, nyingine huzuni, juu ya mchoro uleule. Usimrekebishe hata akipaka hasira kwenye magoti. Ni magoti yake. Watafiti wa Finland wakiongozwa na Lauri Nummenmaa waliwapa watu 701 kazi inayofanana na hii, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba hasira wengi waliipaka kichwani, kifuani na mikononi, huku huzuni ikionekana kupunguza nguvu ya miguu na mikono. Faida ya mchoro utaiona wiki kadhaa baadaye, mtoto anapokuja kusema "mikono inataka kupiga" kabla haijapiga.

Kwa mtoto aliyeanza kuhesabu, tengenezeni ngazi ya 1 hadi 5. Moja: nimetulia. Tano: sisikii tena mtu. Muhimu ni namba tatu, na dalili zake ziandikwe kwa maneno ya mtoto mwenyewe: "naanza kuongea kwa nguvu", "masikio yana moto", "sitaki mtu anisogelee". Hapo ndipo bado kuna nafasi ya kufanya kitu. Ngazi huharibika siku mtu mzima anapoigeuza fimbo: "Haya, umeshafika tano wewe!" Akisemwa hivyo mara mbili hataitaka tena.

Kuhusu kadi za nyuso, zitumie kwa tahadhari. Mwanasaikolojia Paul Ekman alipata umaarufu tangu miaka ya 1960 kwa hoja kwamba nyuso chache za msingi husomeka kila mahali duniani. Watafiti wengine, akiwemo Lisa Feldman Barrett, wamepinga kwamba uso peke yake hutosha kumweleza mtu. Kwa mtoto jambo la kuchukua ni hili: kadi yenye machozi isiwe na jibu moja. Watu hulia kwa hasira, kwa furaha, kwa maumivu. Shika kadi uulize, "Huenda ni nini? Na kingine?" Majibu mawili kwa kadi moja ndiyo lengo.

Hatua ya 2: Soma mwili kabla hujasikia kilio

Mtoto mdogo hutangaza hisia kwa mwili dakika kadhaa kabla ya kulipuka. Mabega hupanda. Vidole hukunjwa au huanza kuchezea nguo. Sauti hupaa nusu ngazi, pumzi hubaki juu kifuani, mchezo uliokuwa na mpangilio unageuka kuwa wa kurusha rusha. Kila mtoto ana dalili zake mbili tatu zinazojirudia; zitafute kwa wiki moja, uziandike.

Kisha ondoa ya mwili kwanza. Ana njaa? Ana usingizi? Ana homa, sikio linamuuma, amebanwa na haja, nguo inamkwaruza? Mtoto aliyechoka hahitaji kufundishwa kutaja hisia, anahitaji kulala, na hakuna mazungumzo yatakayochukua nafasi ya usingizi.

Baada ya hapo, jihadhari na ishara nne ambazo wakubwa huzisoma vibaya mno.

Ya kwanza ni kucheka wakati anaonywa. Mtoto wa miaka 3 amemwaga maji kwenye daftari la dada yake. Umesimama mbele yake, sauti imepanda, naye anatabasamu, macho yanakwepa pembeni, mkono mmoja umeshika chini ya fulana. Ukisoma tabasamu peke yake utaona dharau. Soma macho na mkono: huyo ameogopa au ametahayari, na uso umechukua njia anayoijua ya kumpoza mtu mzima. Ukimwongezea ukali kwa sababu "ananicheka", tabasamu linazidi, na wewe unazidi. Shusha sauti, inama, na mara nyingi tabasamu litaanguka lenyewe kugeuka kilio.

Ya pili ni tumbo au kichwa kuuma. Mtoto asiye na neno la wasiwasi huusema kwa kiungo kinachomsumbua, na maumivu yake ni ya kweli, hadanganyi. Mpeleke kwa daktari ukihitaji, lakini angalia na kalenda: je, linauma asubuhi za shule tu na kupona Jumamosi? Linaanza siku yenye somo fulani?

Ya tatu ni kununa na kususa. Mtoto akisusa chakula au mchezo anasema jambo, ila amechagua kulisema kwa kutokuwepo. Kumbembeleza kupita kiasi kunamfundisha kwamba kususa kunalipa. Kumpuuza kabisa kunamwambia ujumbe haujafika. Sema mara moja, "Naona umesusa, kuna jambo limekuudhi. Nipo hapa, ukiwa tayari njoo," kisha endelea na shughuli zako ukiwa karibu.

Ya nne ni utulivu uliopitiliza. Mtoto anayekubali kila kitu, asiyelia hata akiumia, anayechungulia uso wa mkubwa kabla ya kujibu, husifiwa kuwa ana adabu. Huenda amejifunza kwamba hisia zake zinaleta balaa. Huyu ndiye anayesahaulika darasani, kwa sababu hasumbui mtu.

Hatua ya 3: Tengeneza uso wako kwanza

Mtoto hukutazama wewe ili ajue jambo ni la hatari kiasi gani. Kuna jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 1985 na James Sorce na wenzake: watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina bonde la kina kifupi katikati, na mama akasimama upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Meza ilikuwa ileile.

Uso usio na chochote nao humchanganya. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache bila kujibu. Vichanga vilitabasamu, vikapunga mikono, vikatoa sauti kumrudisha mama, na viliposhindwa viligeuza uso pembeni. Mzazi anayetazama simu wakati mtoto anamwonyesha jambo huwa na uso wa namna hiyo, na mtoto huanza kutafuta njia ya kelele zaidi.

Kwa vitendo: toa pumzi moja ndefu kabla ya kusogea. Shuka hadi macho yenu yalingane, ukae ubavuni kidogo badala ya kumkabili. Ongea polepole, kwa sauti ya chini kuliko yake. Kama damu inachemka na unaona utampiga au utamtukana, mwache mahali salama, mwambie "nakwenda kutulia, narudi", na urudi kweli ndani ya dakika mbili tatu. Akiachwa bila kuambiwa, huelewa kwamba amekimbiwa.

Hatua ya 4: Taja hisia kwa sentensi fupi, kama kubahatisha

Kanuni ya urefu: maneno matatu hadi sita kwa mtoto aliyechafukwa. Anza na unachokiona, malizia na hisia. "Mnara umeanguka. Umekasirika." Halafu nyamaza. Hesabu kimyakimya hadi kumi. Kimya hicho huwashinda watu wengi wazima. Hujaza kwa ushauri, na mtoto hupoteza lile neno moja lililokuwa linamfikia.

Swali la "unajisikiaje?" ni pana mno kwake. "Kwa nini unalia?" ni gumu zaidi, maana linamtaka apange sababu wakati hawezi kupanga hata pumzi, tena husikika kama mashtaka. Mpe machaguo mawili: "Una hasira, au una huzuni?" Asiye na maneno aonyeshe kwa kidole kwenye mchoro wake.

Mara nyingine atafoka: "Sina hasira!" Usibishane. Huenda umekosea, huenda neno lenyewe limemchoma. Jibu, "Sawa, nimekosea. Nimeona ngumi imekunjwa tu." Umemwachia kilichoonekana, yeye atafute jina. Na kubali akikuletea jina usilolitarajia. Mtoto akisema "nina wivu" wakati wewe uliona uchovu, fuata wivu.

Je, kutaja hisia kunasaidia kweli? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waligundua kwamba watu wazima walipozitaja kwa neno hisia walizoziona kwenye picha za nyuso, msukumo wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ulipungua. Walikuwa watu wazima, tena maabara, kwa hiyo usitarajie mtoto azimike kama taa. Tarajia apunguze nusu ngazi. Nusu ngazi inatosha kufika hatua inayofuata.

Makosa ya hapa yanafanana: "si kitu, usilie", "mwanamume halii", "mbona jambo dogo tu". Nia ni kumfariji, ila mtoto anasikia kwamba anachokihisi hakipo, na safari ijayo huongeza sauti ili aaminiwe, au hukificha. Wavulana ndio huumizwa zaidi na la pili: hunyimwa huzuni na woga, wakabakiziwa hasira, kisha wanalaumiwa kwa hasira hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Hisia iruhusu, tendo lizuie

Wapo wanaoishia hatua ya nne na kushangaa mtoto anazidi kupiga. Kumwelewa hakumzuii. Sema yote mawili kwa pumzi moja: "Umemkasirikia kaka. Kupiga hapana." Ikibidi ushike mkono wake, ushike bila kuukaza, useme, "Naushika mkono mpaka utulie." Kisha toa njia iliyo wazi: "Mwambie, 'Rudisha, nilikuwa nachezea.'" Mpe sentensi kamili akariri, asiachiwe kuitunga.

Mpaka uwe uleule asubuhi na jioni. Kama leo kupiga kunakatazwa na kesho kunachekwa kwa sababu wageni wapo, mtoto hatajifunza mpaka. Atajifunza kusoma hali ya mama.

Hatua ya 6: Tuliza mwili

Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayofanya kazi. Vuta kwa hesabu ya 3, toa kwa hesabu ya 5, mara nne. Mtoto mdogo hawezi kufuata hesabu, mpe kitu cha kupuliza: mapovu ya sabuni, unyoya kiganjani, kidole kama mshumaa. Lifanyieni mazoezi dakika mbili kila siku kabla ya kulala. Zoezi ambalo mtoto analisikia kwa mara ya kwanza akiwa kwenye tano, analichukia milele.

Anayehitaji nguvu asukume ukuta kwa viganja viwili hadi kumi, abebe kitu kizito kiasi, au akimbie. Kumbatio ni zuri kwa anayelitaka; uliza "nikukumbatie au nikae karibu?" na ufuate jibu.

Ushauri wa "piga mto mpaka hasira iishe" uache. Brad Bushman mwaka 2002 alionyesha kwamba wanafunzi wa chuo walioambiwa wapige gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka wakiwa na hasira zaidi kuliko walioketi bila kufanya kitu. Kusukuma ukuta ni tofauti: hakuna adui anayefikiriwa, na kuna hesabu inayokwisha.

Mwili huchukua muda kushuka, pengine dakika 20 au zaidi baada ya kilio kikubwa. Mtoto aliyenyamaza bado hajatulia. Ukianza mahubiri pale machozi yanapokauka tu, unawasha moto upya.

Hatua ya 7: Mrudie baadaye

Rudi siku hiyohiyo kwa mdogo. Mkubwa wa miaka 7 anaweza kusubiri hadi kesho. Dakika tano zinatosha. Mkiwa mnafanya kitu pamoja ubavu kwa ubavu, mnatembea, mnakunja nguo, ulimi hufunguka zaidi kuliko mkikaa uso kwa uso mezani. Fuata mpangilio huu: nini kilitokea, mwili ulihisi nini, ulikuwa unataka nini, safari ijayo tufanyeje. Mwanzo wa mazungumzo unaweza kuwa hivi:

"Mwanangu, asubuhi mnara ulipoanguka, mikono ilikuwaje?"
"Ilikuwa migumu."
"Ulitaka nini?"
"Kaka asipite pale."
"Ungemwambiaje?"

Kama ni wewe uliyepaza sauti, sema: "Nilikufokea. Lile lilikuwa kosa langu, samahani." Usiongeze "lakini na wewe". Mtoto hujifunza kuomba radhi kwa kuombwa radhi. Kumlazimisha aseme "samahani" huku amegeukia ukutani kunamfundisha neno la kupita nalo mlangoni. Afadhali atengeneze alichoharibu: ajenge mnara pamoja na kaka, afute maji, alete kitambaa.

Kumsaidia asome hisia za wenzake

Usimwambie "muonee huruma" akiwa hajui atazame wapi. Mwelekeze: "Mtazame usoni. Kashika goti. Unadhani anahitaji nini?" Kisha mwache aulize mwenyewe: "Umeumia? Nikuletee maji?" Kuuliza ni bora kuliko kubahatisha, na watoto wengi hawajui kwamba kuuliza kunaruhusiwa.

Kadiri anavyokua, ataanza kuona watu wakionyesha hisia wasizokuwa nazo. Naye atafanya hivyo. Carolyn Saarni mwaka 1984 aliwapa watoto wa shule zawadi ya kitoto isiyowapendeza, mbele ya mtoaji, na wakubwa walijitahidi kuonyesha furaha kuliko wadogo. Kumfundisha mtoto kushukuru kwa zawadi asiyoipenda ni adabu. Mpe pia mahali pa kusema kweli baadaye, mkiwa wawili: "Ulisema asante vizuri. Hukuipenda, eeh?"

Mtoto mwenye usonji asilazimishwe kukutazama machoni ili uamini anasikiliza. Wengine husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni. Tumia picha, ngazi ya namba, na lugha ya moja kwa moja bila mafumbo. Kwa mtoto kiziwi kuna mtego mwingine: katika lugha nyingi za alama nyusi zilizoinuliwa au kukunjwa ni sehemu ya sarufi ya swali. Asiyeijua lugha hiyo atamwona mtoto ameshangaa au amekasirika wakati anauliza tu. Watu wa nyumbani wajifunze alama za hisia mapema, sambamba na alama za chakula na maji.

Lini utafute msaada

Mengi ya hapo juu hubadilika polepole, na kwa kurudi nyuma mara kwa mara. Mwone daktari, mshauri nasaha au mwanasaikolojia ukiona huzuni au kujitenga kunakozidi wiki mbili. Milipuko inayopita dakika 25 mara kwa mara, au inayoendelea sana baada ya miaka 5. Kujiumiza kwa makusudi. Kurudi kukojoa kitandani au kupoteza maneno aliyokuwa nayo. Hofu ya ghafla kwa mtu mmoja au mahali pamoja. Hiyo ya mwisho ichukulie kwa uzito, usimsukume mtoto arudi kwa mtu huyo, na umsikilize bila kumtilia maneno mdomoni. Mtoto akitaja kufa au kutaka kutokuwepo, tafuta msaada siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Nenda na daftari. Kwa kila tukio la wiki mbili andika tarehe na saa, kilichotangulia dakika kumi kabla, mwili ulionyesha nini, lilidumu dakika ngapi, lilikwishaje, alilala saa ngapi usiku wake. Mistari sita kwa kila tukio humwambia daktari mengi kuliko "siku hizi amekuwa msumbufu".